CBC, Cambridge au ACE: kuchagua mtaala katika shule ndogo ya kibinafsi, Gredi ya 1 hadi ya 9

Shule ndogo ya kibinafsi nchini Kenya, yenye mkondo mmoja kila gredi na watoto kumi na watano hivi darasani, humwahidi mzazi kwamba mwalimu atamjua mtoto wake vizuri. Mara nyingi ni kweli. Lakini udogo huo huo ndio unaoamua kama mtaala ulioandikwa kwenye bango la lango utafundishwa wote au nusu yake. Mtaala unaodai walimu watano katika sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) hauwezi kubebwa na wawili, hata kama darasa lina watoto wanane tu.

Mitaala mitatu ndiyo inayowachanganya wazazi wengi wa shule hizi. Wa kwanza ni mtaala wa kitaifa wa umilisi, ambao watu wanaendelea kuuita CBC ingawa siku hizi wizara inasema CBE. Wa pili ni Cambridge, mtaala wa Uingereza ambao shule nyingi huutangaza kwa jina la jumla la "British". Wa tatu ni ACE, mfumo wa Kikristo wa vijitabu ambao mtoto anajisomea kwa kasi yake. Montessori tumeiacha nje kwa makusudi: katika shule nyingi ni njia ya kufundishia watoto wadogo, na ifikapo gredi za juu shule inakuwa imeshajiunga na mmoja wa mitatu hii.

Vigezo

Tumetumia vigezo sita, na uzito wake haulingani. Kilicho kizito kuliko vyote ni mlango wa kutokea, yaani mtoto akimaliza miaka tisa hapo anaingia wapi. Shule ndogo nyingi hazina sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12), kwa hiyo mtoto ataondoka upende usipende. Kinafuata mzigo ambao mtaala unawatwika walimu na shule. Halafu kuna masomo yenyewe na jinsi yanavyofundishwa, upimaji, lugha na dini, na mwisho gharama zinazojificha pamoja na ugumu wa kuhama. Karo iliyoandikwa kwenye karatasi ya uandikishaji hatuizungumzii, kwa kuwa shule mbili zinazotazamana barabarani zinaweza kupishana mara tatu kwa mtaala ule ule.

Mlango wa kutokea

Katika CBC mlango unajulikana. Muundo ni 2-6-3-3-3: miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari pevu, kisha chuo. Mwisho wa Gredi ya 9 mtoto hufanya tathmini ya KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na kundi hilo la kwanza likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Alama ya mwisho inayotumika kumpangia mtoto shule imegawanywa hivi: KJSEA yenyewe asilimia 60, KPSEA, yaani tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Kisha mtoto anaelekea njia moja ya masomo kati ya tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati (STEM); ya sayansi za jamii; au ya sanaa na michezo.

Mgao huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mtoto wa Gredi ya 6 tayari anachuma alama za Gredi ya 10. Shule inayozembea kupakia alama za tathmini za shuleni kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, au inayozijaza kwa kukisia muda ukikaribia kwisha, inachezea sehemu ya tano ya matokeo ambayo mzazi ataulizia miaka miwili baadaye.

Cambridge ina hatua ya msingi, Stage 1 hadi 6, na sekondari ya chini, Stage 7 hadi 9. Baada ya hapo kuna miaka miwili ya IGCSE, mtihani wa sekondari, kisha miwili ya A level, wa kuingilia chuo kikuu. Serikali haimpangii mtoto huyu shule. Mzazi ndiye anayetafuta. Shule zinazoendelea hadi IGCSE zimejazana Nairobi na Mombasa, na ukitoka miji mikubwa ni adimu. Kwa hiyo anayemwingiza mtoto Stage 1 katika shule ndogo ya karibu na nyumbani awe ameshajua miaka minne ya mwisho italipwa wapi na kwa fedha zipi, maana hiyo huwa ghali kuliko tisa ya mwanzo, na pengine ni ya bweni.

ACE inaendelea hadi kiwango cha 12, lakini si kila shule ndogo inafika huko. Baadhi ya familia humhamishia mtoto IGCSE anapofika umri wa sekondari, na hilo linawezekana ikiwa hisabati na sayansi zake ni imara. Akibaki ndani ya ACE hadi mwisho, swali ni la cheti. KNQA ndiyo mamlaka ya Kenya yenye jukumu la kutambua na kulinganisha sifa za kitaaluma za nje. Uliza shule, kwa maandishi, cheti cha mwisho kinatolewa na nani na wahitimu wao waliotangulia wamepokelewa vyuo gani. Jibu la "hakuna shida, wengi wameenda Marekani" halitoshi.

Darasani

Mwaka 2024 masomo ya CBC yalipunguzwa. Gredi ya 1 hadi ya 3 ina masomo saba, Gredi ya 4 hadi ya 6 ina manane, na sekondari msingi imetoka kumi na manne hadi tisa: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Elimu ya Dini, Sayansi Jumuishi, Masomo ya Jamii, Kilimo, Stadi za Awali za Kiufundi, na Sanaa Bunifu na Michezo. Vipindi ni vya dakika 30 katika gredi za chini, 35 katika zile za kati na 40 katika sekondari msingi, ambako wiki ina vipindi 40.

Ukitaka kujua kama mtaala huu unafundishwa kweli, omba kuona azimio la kazi, yaani mpango wa mafunzo wa wiki kwa wiki, la mwalimu wa Kiswahili wa gredi yoyote. Mwongozo wa KICD, taasisi inayoandaa mtaala wa kitaifa, umepangwa kwa safu: mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, mapendekezo ya shughuli za ujifunzaji, maswali dadisi. Mwalimu anayeufuata ataonyesha, kwa mfano, kwamba wiki ya nne watoto watarekodi mazungumzo na kuyasikiliza kabla ya kuandika. Yule ambaye azimio lake lina namba za kurasa za kitabu tu anafundisha kama zama za 8-4-4, mfumo uliotangulia CBC, ila kwa kitabu chenye jalada jipya. Wapo wengi wa aina hiyo, tena baadhi yao ni walimu wazuri, lakini mzazi ajue analipia nini.

Cambridge ina orodha ya malengo kwa kila somo na kila hatua. Kiingereza, hisabati na sayansi ndiyo nguzo. Shule inaongeza kompyuta, sanaa, muziki, michezo au Global Perspectives kadiri ya uwezo wake. Cambridge haiichagulii shule ratiba. Uhuru huo ni neema kwa shule yenye mkuu wa masomo anayejua kazi yake na ni shimo kwa isiyo naye, kwa kuwa orodha ya malengo haisemi somo lichukue wiki ngapi. Katika sayansi kuna sehemu nzima ya kufikiri na kufanya kazi kisayansi: mtoto anatabiri, anapima, anachora jedwali, anaeleza kwa nini jibu lake si la kuaminika. Hapo ndipo shule zisizo na vifaa hujificha nyuma ya video.

Kabla ya yote, hakikisha shule imesajiliwa na Cambridge yenyewe. Zipo zinazotumia vitabu vya Cambridge bila usajili, na mtoto hawezi kufanyia mtihani wa Checkpoint hapo. Orodha ya shule zilizosajiliwa iko kwenye tovuti ya Cambridge. Itafute kwa jina la mji. Na neno "British" peke yake halithibitishi chochote: shule inaweza kuwa inafuata mtaala wa kitaifa wa England wenye Key Stage, au ule wa Pearson Edexcel, ambao ni mtihani mwingine kabisa.

ACE ni ulimwengu wa peke yake. Ilianzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970. Hakuna mwalimu anayesimama mbele ya ubao. Mtoto mpya hufanya kwanza jaribio la kubaini mapengo yake, kisha anapewa vijitabu viitwavyo PACE, kumi na viwili kwa kila somo kwa kila kiwango. Anakaa kwenye meza iliyotenganishwa na ya jirani kwa mbao, ambayo wenyewe huiita ofisi, na asubuhi anaandika kwenye kadi ya malengo kurasa atakazomaliza siku hiyo katika kila somo. Akikwama anainua bendera ndogo na msimamizi au msaidizi wake anamfikia. Akimaliza sehemu anaacha kalamu yake mezani, anakwenda kwenye kituo cha kusahihishia, anachukua kalamu nyekundu na kitabu cha majibu, anaweka alama makosa yake mwenyewe, anarudi kurekebisha, kisha anaenda tena kuhakikisha.

Kituo hicho ndicho kinachobeba mfumo mzima, na ndipo unapovunjikia. Mtoto anayekariri majibu akiwa amesimama pale, kisha akarudi kuyajaza, atakwenda vizuri kurasa thelathini na kuanguka kwenye jaribio la mwisho wa kijitabu. Msimamizi mzuri hulishtukia hilo kwenye ukaguzi wa katikati, anapoona kurasa safi zisizo na kosa hata moja kwa mtoto ambaye juzi hakujua hesabu za sehemu kama nusu na robo. Mbaya husaini tu na kuendelea.

Upimaji

CBC hupima kwa viwango: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio. Katika KJSEA kila kiwango kimegawanywa mara mbili, kuanzia EE1 (ngazi ya juu ya kuzidi matarajio) yenye pointi 8 hadi BE2 (ngazi ya mwisho ya chini ya matarajio) yenye pointi 1. Wazazi waliozoea nafasi ya kwanza hadi ya mwisho hulalamika kwamba hawaelewi mtoto yuko wapi, na shule nyingi ndogo huwatuliza kwa kununua mitihani ya kampuni binafsi kila mwezi. Mitihani hiyo haihesabiki popote KNEC. Tena hula muda wa kazi za vitendo na miradi, ambazo ndizo zenye alama. Kwa shule yenye watahiniwa wachache sana, uliza pia kama ina kituo chake cha mtihani au watoto hupelekwa kutahiniwa katika shule jirani.

Checkpoint ya Cambridge hufanywa mwisho wa Stage 6 na mwisho wa Stage 9, katika Kiingereza, hisabati na sayansi, na husahihishwa na Cambridge. Hisabati ya Stage 9 ina karatasi mbili za saa moja moja, kila moja alama 50. Ya kwanza bila kikokotoo, ya pili nacho. Matokeo huja kwa kipimo cha 0 hadi 50 pamoja na ripoti inayoonyesha mtoto alianguka katika aina gani ya maswali. Ripoti hiyo ina manufaa kuliko alama yenyewe. Iombe. Shule nyingine hutoa karatasi ya alama tu na kuiweka ripoti ofisini. Kati ya hatua hizo yapo majaribio ya maendeleo yaliyoandaliwa na Cambridge, ambayo mwalimu husahihisha mwenyewe.

Katika ACE mtoto hupita kijitabu akipata asilimia 80 au zaidi, akipungukiwa hukirudia. Hakuna anayeburutwa hadi kiwango kinachofuata akiwa hajaelewa cha nyuma, na kwa mtoto aliyepoteza misingi ya hisabati hili ni jambo ambalo mitaala mingine miwili haimpi. Upande wa pili ni kwamba hakuna mtihani wa nje katika miaka hii tisa. Asilimia 94 kwenye kadi ya maendeleo haikwambii mtoto wako akiketi na wa shule nyingine atafanyaje.

Mzigo kwa shule

Tupige hesabu. Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 za mkondo mmoja mmoja zina vipindi 40 mara 3, yaani 120 kwa wiki. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 28, ambavyo tayari ni vingi ukiongeza kusahihisha, wanahitajika walimu watano. Walimu wa sekondari wa Kenya kwa kawaida wamesomea masomo mawili: hisabati na fizikia, biolojia na kemia, Kiingereza na fasihi yake, Kiswahili na dini. Ukishawapanga hao wanne, bado Masomo ya Jamii, Kilimo, Stadi za Awali za Kiufundi na Sanaa Bunifu havina mwenyewe. Hapo ndipo shule ndogo hugawa masomo hayo kwa yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba. Sayansi Jumuishi nayo ina mtego wake: mwalimu wa biolojia na kemia hufundisha seli na michanganyiko kwa raha, kisha akifika umeme anasoma kitabu kwa sauti.

Kwa hiyo, katika shule ya CBC, usiulize "mna walimu wangapi". Uliza nani anafundisha Stadi za Awali za Kiufundi Gredi ya 8, na alisomea nini. Uliza pia namba zao za usajili wa TSC, tume ya kuajiri na kusajili walimu. Sheria inawataka hata walimu wa shule za kibinafsi wasajiliwe.

Cambridge ni nyepesi kwa hesabu na nzito kwa ubora. Walimu watatu imara wa Kiingereza, hisabati na sayansi wanaweza kubeba Stage 7 hadi 9 ya shule ndogo, na masomo mengine yakajazwa na walimu wa muda. Lakini hao watatu wakiwa dhaifu hakuna pa kujificha. Na walimu waliozoea Cambridge hunyakuliwa na shule kubwa. Ulizia mwalimu wa sasa wa hisabati amekuwapo tangu lini.

ACE ndiyo inayohitaji watu wachache kuliko zote. Chumba kimoja, msimamizi mmoja na msaidizi wanaweza kuangalia watoto ishirini na zaidi wa viwango tofauti, ndiyo maana makanisa madogo huipenda. Kinachokosekana ni mjadala, maabara, na mtu wa kumweleza mtoto jambo kwa njia ya pili asipolielewa kwenye ukurasa. Uwezo wa kusoma Kiingereza ndio ufunguo: mtoto anayesoma polepole ataonekana mzito katika sayansi na historia pia, kumbe tatizo ni moja tu.

Lugha na dini

Kiswahili katika CBC ni somo la lazima kuanzia Gredi ya 1 na lina karatasi yake katika KPSEA na KJSEA. Elimu ya Dini ipo ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, na shule za Pwani zinazounganisha elimu ya Kiislamu na masomo ya kawaida nyingi husimama juu ya mtaala huu kwa sababu hiyo. Lakini shule ndogo haiwezi kila mara kuajiri walimu wa dini mbili. Kama familia yako ni ya dini ya wachache katika shule hiyo, uliza mtoto huketi wapi wakati wa kipindi.

Cambridge haina Kiswahili katika Checkpoint. Kipo katika IGCSE, lakini hadi huko shule ndiyo inayoamua, na mara nyingi hutoa vipindi viwili vitatu kwa wiki vya kiwango cha maongezi. Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani hatapoteza ulimi wake. Atakachokosa ni ngeli, mnyambuliko wa vitenzi na barua rasmi.

PACE hazina Kiswahili, na sehemu kubwa ya masomo ya jamii imeandikwa ikimlenga mtoto wa Marekani. Shule makini huajiri mwalimu wa Kiswahili na wa historia ya Kenya kando. Biblia haiko katika somo moja tu. Imefumwa hadi kwenye sentensi za sarufi, na sayansi inafundisha uumbaji wa siku sita kama maelezo ya asili ya viumbe. Kwa familia nyingine hilo ndilo hasa wanalolitafuta. Kwa nyingine ni sababu ya kuondoka, na afadhali lijulikane kabla ya kulipa.

Gharama zinazojificha, na kuhama

Kwenye CBC ni vitu vidogo vinavyorundikana: manila, rangi, miche, kuchapisha kazi za tathmini, na simu ya saa mbili usiku kwamba kesho kunahitajika chupa tupu sita. Shule iliyopangwa vizuri hutoa orodha ya muhula mzima wiki ya kwanza. Vitabu ni vingi lakini vinauzwa kila mahali na mdogo mtu anaweza kuvirithi, mradi viwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na KICD.

Cambridge ina kitabu cha mwanafunzi na daftari la mazoezi kwa kila somo kila mwaka. Daftari hilo huandikwa ndani, halirithiki. Ada za Checkpoint hupangwa kwa pauni. ACE nayo: masomo matano ya msingi mara vijitabu 12 ni 60 kwa mwaka, ukiongeza Biblia ni 72. Vyote hutumika mara moja. Kila kinachorudiwa hununuliwa upya, na vya kuziba mapengo huja juu ya hivyo. Uliza kama karo imevijumlisha, na kama kurudia ni juu ya mzazi.

Kuhusu kuhama, kosa la kawaida ni kudhani namba zinalingana. Gredi ya 1 huanza na miaka sita, Year 1, yaani Stage 1 ya Cambridge, huanza na mitano. Mtoto wa miaka kumi yuko Gredi ya 5 upande mmoja na Year 6 upande wa pili. Kalenda nazo zinapishana: Januari kwa CBC, Septemba kwa shule nyingi za Cambridge, hivyo anayehama mwezi wa kwanza huingia katikati ya mwaka wa wenzake. Kutoka Cambridge au ACE kurudi CBC ni rahisi hadi Gredi ya 4 au ya 5. Baada ya Gredi ya 6 mtoto anakuja bila alama za KPSEA, na akichelewa zaidi anakosa na tathmini za shuleni. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize atasajiliwaje kabla hujamwondoa alipo. Kutoka CBC kwenda Cambridge, kinachokwamisha huwa ni uandishi wa Kiingereza. Kutoka ACE kwenda popote, kinachokwamisha ni kukaa darasani: kumsikiliza mwalimu dakika arobaini, kuandika muhtasari, kujibu mbele ya wenzake. Tenga muhula mzima wa kuzoea.

Unafaa nani

CBC inamfaa mtoto atakayesoma na kufanya kazi hapa, ambaye wazazi wanataka abaki ndani ya mfumo wa kupangiwa shule, na ambaye mikono yake inajifunza haraka kuliko masikio. Haimfai sana aliye katika shule isiyo na walimu wa sekondari msingi.

Cambridge inaifaa familia inayohamahama kikazi kati ya nchi, au yenye uhakika wa kulipia hadi A level, na mtoto anayependa kueleza hoja yake kwa maandishi.

ACE inamfaa mtoto mwenye mapengo makubwa, au aliye mbele sana ya wenzake, au anayevurugwa na kelele. Anayesoma vizuri na anayeweza kujisukuma. Mtoto wa maneno mengi, anayejifunza kwa kubishana, huteseka kwenye ile meza yenye mbao.

Kulingana na hali yako

Mtoto ana miaka sita, mnaishi mji mdogo, na karo ya sekondari bado haijulikani itatoka wapi: anza na CBC, katika shule ambayo mwalimu wa Gredi ya 1 anakuonyesha azimio la kazi bila kuhangaika. Kuhama kutoka hapo bado kunawezekana kwa miaka kadhaa.

Mtoto yuko Gredi ya 5 na unafikiria Cambridge: amua kabla ya KPSEA, na umpe jaribio la kuandika ukurasa mmoja wa Kiingereza bila msaada. Akiandika mistari mitano, subiri, mpe miezi sita ya kusoma kwanza.

Mtoto wa Gredi ya 4 hajui kutoa kwa kukopa na shule inampandisha tu: mwaka mmoja au miwili ya ACE, ukiwa na mpango wa kumrudisha kabla ya Gredi ya 6, unaweza kumjenga upya. Hakikisha anaendelea na Kiswahili wakati huo wote.

Mko Gredi ya 8 na hamjaridhika: usihame mtaala. Hama shule ndani ya CBC ikibidi, na uondoke na nambari yake ya tathmini ya KNEC pamoja na nakala ya alama za shuleni zilizokwisha kupakiwa.

Na ukikuta shule yenye watoto sabini inayosema inafundisha CBC na Cambridge kwa pamoja, omba ratiba ya Gredi ya 7. Vipindi 40 vya CBC vinaijaza wiki. Kama Cambridge ina vipindi vyake humo, uliza ni somo gani la CBC lililoondolewa ili kuvipata. Kama haina, basi ni vitabu tu vilivyoongezwa kwenye begi la mtoto, na karo ya ziada usiilipe.